Biashara ni Matangazo, Lakini Tangazo Lipi?

Wazee wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata kizuri kimeanza kujitembeza, tena ndani ya simu za mkononi. Juma lililopita mama mmoja wa hapa Masafu, mke wa askari polisi anayefuga kuku, aliniuliza kama yafaa atoe sehemu ya mtaji wake ili kuku wake watangazwe katika mitandao ya kijamii. Sikumjibu papo hapo. Nilimwomba anipe siku chache, kwa maana swali lake liligusa kidonda cha nyumbani kwangu.

Mke wangu ana cherehani moja barazani, naye hushona sare za wanafunzi. Mwezi wa Januari 2023, shule zilipokaribia kufunguliwa, tulikutana na kijana mmoja mjini Busia, upande wa Kenya. Alituahidi kwamba kwa shilingi 60,000 za Uganda angetutangaza kwenye Facebook, na wateja wangetujia kama siafu. Fedha hizo zilikuwa zimetengwa kwa karo ya mtoto wetu wa kwanza. Mama watoto alisita. Mimi, niliyejiona msomi kwa cheti changu cha ualimu, ndiye niliyemsukuma.

"Baba watoto, una hakika?" aliniuliza.

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba biashara ni matangazo.

Baada ya juma moja kijana alituletea taarifa: watu zaidi ya 4,000 walikuwa wameliona tangazo letu, na zaidi ya 200 walikuwa wameweka alama ya kulipenda. Tulifurahi sana, tukanunua kitambaa kingine kwa mkopo. Simu zilizopigwa zilikuwa tisa, na hakuna hata mmoja aliyeagiza sare. Karo ikachelewa, na mtoto akarudishwa nyumbani kwa siku nne. Siku hizo nne ndizo zilizonifundisha kuhusu matangazo kuliko kitabu chochote.

Kosa lilikuwa wapi? Kwanza, hatukujiuliza ni nani wanaoliona tangazo. Itakumbukwa kwamba Julai 2018 Uganda iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya bei ya intaneti. Katikati ya mambo hayo, Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini. Mitandao mingine ilifunguliwa baadaye, lakini Facebook ilikuwa bado imefungwa tulipotoa fedha zetu miaka miwili baadaye. Walioendelea kuitumia walipitia VPN, njia ya pembeni ambayo yaweza kumfanya mtu aliyeketi Masafu aonekane kama yuko Ulaya.

Kwa hiyo tangazo letu, lililoelekezwa Busia, liliwafikia hasa majirani zetu wa upande wa Kenya. Hao ni ndugu zetu, na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Lakini mzazi wa Funyula atafanya nini na sare ya shule ya Masafu? Shule ya mtoto wake ina rangi zake, na mihula ya Kenya hailingani na yetu. Watu walilipenda tangazo kwa kuwa picha ilipendeza, wala hapakuwa na hila yoyote.

Pili, hatukuelewa kinachouzwa. Mtandao humuuzia mfanyabiashara macho ya watu, nao mtambo wake hutafuta watu watakaotenda lile uliloliomba. Ukiomba alama za kupenda, utaletewa wale wenye mazoea ya kupenda kila kitu kinachopita mbele yao. Alama mia mbili hazijazi kibaba cha unga. Hata kampuni zenyewe hukosea katika hesabu zao: Septemba 2016 Facebook ilikiri kwamba kwa muda wa miaka miwili hivi ilikuwa imezidisha kipimo cha wastani wa muda ambao watu hutazama video za matangazo.

Baada ya hasara hiyo, mama watoto alifanya jambo ambalo mimi mwenye cheti sikulifikiria. Alichukua daftari la mtoto lililobaki na kurasa chache, na kila mteja aliyefika barazani alimwuliza, "Nani amekuelekeza kwetu?" Kufikia mwisho wa muhula tulikuwa na wateja 31. Kumi na wanane walikuwa wameelekezwa na jirani au mzazi mwenzao. Wanane waliona picha katika kundi la WhatsApp la wazazi, mahali ambapo mwalimu mmoja aliituma bila malipo yoyote. Watano waliona kibao chetu kando ya njia.

Nilipolisoma daftari hilo nilidhani kwamba WhatsApp imetusaidia kidogo tu. Mke wangu akanisahihisha. Wale wanane walitoa oda mapema, wakaleta vipimo na malipo ya kwanza, naye akanunua kitambaa kile kile kinachohitajika bila kukopa. Hapo nikaelewa kwamba faida ya tangazo yaweza kuwa katika wakati wa fedha kuingia, hata kama idadi ya wateja ni ndogo.

Kuna jambo jingine la kupima. Kampuni kubwa ya Marekani iitwayo eBay iliwahi kusimamisha kwa majaribio baadhi ya matangazo yake yaliyojitokeza mtu alipotafuta kitu katika intaneti. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba waliokwisha kuifahamu kampuni waliendelea kununua vile vile, na kwamba matangazo yaliwasaidia zaidi wale ambao hawakuwa wateja wa kawaida. Ikiwa tajiri mwenye wataalamu aweza kulipia wateja ambao wangekuja bure, sembuse sisi? Basi lipia juma moja, acha juma linalofuata, kisha linganisha mauzo katika daftari.

Sisemi kwamba tangazo la kulipia halina kazi. Mvuvi wa Majanji apelekaye samaki mbali, au mwenye nyumba ya wageni mjini Busia, ambako madereva wa malori husubiri kuvuka, anawahitaji watu wasiomjua. Huyo yafaa ajaribu, kwa fedha asizoogopa kuzipoteza. Lakini mwenye bidhaa ya majirani aanze kwa majirani.

Kwa familia za askari naongeza maonyo mawili. Picha ya bidhaa ipigwe mbele ya ukuta mtupu au shuka safi. Isionyeshe lango la kambi, walinzi wa zamu, sare wala gari la kazi. Picha ikiisha kutumwa hairudi, na mtazamaji si lazima awe mnunuzi. Pia, mteja wa mbali akikutumia ujumbe kwamba amelipa kwa simu, usiuamini ujumbe huo peke yake. Angalia salio lako kwanza, kwani matapeli hutunga ujumbe unaofanana na ule wa kampuni ya simu.

Jana nilimjibu mama wa kuku. Nilimshauri aache mtaji wake ulipo. Apige picha moja nzuri mchana, aandike bei, uzito na siku ya kuchinja, kisha aitume katika kundi la akina mama wa kuweka akiba na kwa wenye hoteli wa karibu. Anunue daftari, na kila mnunuzi amwulize lile swali moja. Baada ya miezi mitatu, ikiwa daftari litaonyesha kwamba kuku hubaki bandani kwa kukosa kujulikana, ndipo atoe shilingi chache alipie tangazo.

Alicheka, akaniambia, "Kumbe mwalimu wako ni mama wa nyumbani kwako!"

Nilikubali, maana ni kweli. Nanyi wenye cherehani, jiko la mandazi au banda la kuku, anzeni daftari lenu leo. Tuonane juma lijalo.