KITABU CHA CHAMA KISIINGIE KATIKA KITABU CHA TAJIRI



Siku hizi tajiri akikuandika kazi hakupi kalamu na daftari. Anakuuliza, "Una simu ya namna gani?" Ukimwonyesha, anamwita kijana wa kompyuta. Kijana anaichukua simu kwa dakika kumi, anabonyeza hapa na pale, kisha anakurudishia akisema, "Tayari, umeunganishwa." Tangu saa hiyo zamu zako, mikutano, na majina ya wakubwa yanaingia yenyewe katika simu yako kutoka kompyuta kuu ya kazini, ambayo mafundi huiita seva. Wengi wetu tunasema asante na kurudi kazini. Lakini yafaa tuulize kwanza: ikiwa vitu vya tajiri vinaingia katika simu yetu, vitu vyetu navyo vinakwenda wapi?

Hatuandiki haya kwa kupinga maendeleo. Sisi watu wa reli hatuwezi kupinga habari ya kulinganisha saa na orodha, maana ndiyo kazi yetu. Zamani kila mji wa Uingereza ulikuwa na saa yake kwa kufuata jua. Ni makampuni ya reli, kuanzia 1840, yaliyozifanya stesheni zao zifuate saa moja ya London. Na katika njia moja ya reli, kama hii ipandayo kutoka Nairobi kupita Kibera na Dagoretti mpaka Kikuyu, treni mbili hazina ruhusa kuingia sehemu moja ya njia zikielekeana. Dereva sharti apewe kibali kwanza, na mwenye kibali ni mmoja tu.

Seva hufanya kazi kwa akili hiyo hiyo. Kila jambo lililoandikwa katika kalenda lina alama yake, na kila likibadilishwa alama nayo hubadilika. Simu yako ikitaka kubadilisha jambo ambalo mwenzako amekwisha kulibadilisha, seva huona alama hazipatani, hukataa, na kuiambia simu isome upya. Mafundi wa dunia waliandika utaratibu wa namna hii mwaka 2007 kwa ajili ya kalenda, na mwaka 2011 kwa ajili ya majina na namba, ili simu za makampuni mbalimbali zipate kusemezana na seva mbalimbali. Ni kazi nzuri na hatuna neno nayo.

Tena faida yake tumeiona kwa macho. Mwenzetu mmoja alinyang'anywa simu dirishani mwa matatu karibu na Globe. Kesho yake alinunua nyingine, akaandika neno lake la siri, na kabla ya jua kuchwa majina yake yote yalikuwa yamerudi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ambalo haliibwi pamoja na simu ni daftari jema.

Swali letu ni moja tu: daftari hilo ni la nani?

Sikilizeni habari ya ndugu yetu mwingine, akaaye Kangemi. Alikuwa fundi umeme katika jengo moja la maofisi huko Westlands. Hatutaji jina la tajiri wake, kwa maana shauri hili si la tajiri mmoja. Siku ya kuandikwa aliambiwa aunganishe simu yake mwenyewe, aliyoinunua kwa fedha yake, ili taa zikizimika aitwe upesi. Simu ilimwuliza maswali, naye kila swali alijibu "Kubali". Moja la maswali hayo lilisema wazi kwamba mwenye seva atakuwa na uwezo wa kufuta kila kitu kilichomo katika simu. Hakulisoma, na sisi pia tungalikuwa pale huenda tusingalilisoma.

Mkataba wake ukaisha siku ya Ijumaa. Jumatatu asubuhi simu yake ilikuwa tupu kama siku ilipotoka dukani. Yalipotea majina ya watu aliokuwa akiwafanyia kazi za Jumapili Kawangware na Uthiru. Ilipotea namba ya mwalimu wa mtoto wake. Zilipotea picha za maziko ya mama yake. Fedha yake ya M-Pesa ilipona, kwa kuwa fedha ile haikai ndani ya simu. Alipokwenda kuuliza, kijana wa kompyuta alimjibu kwa adabu kwamba ndiyo desturi: mtu akiondoka, simu yake husafishwa ili siri za ofisi zisitoke. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Lakini ofisi ililinda siri zake kwa kuchoma nyumba ya mtu.

Na hata pale ambapo simu nzima haifutwi, kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Ukiandika jina jipya katika simu, simu huliweka mahali fulani: katika laini, katika simu yenyewe, katika akaunti yako, au katika akaunti ya kazi. Kama kijana yule aliiacha akaunti ya kazi iwe ndiyo mahali pa kawaida, basi namba ya mke wako, ya daktari wako na ya shemeji yako Butere zote zinapanda kwenda seva ya tajiri bila wewe kujua. Siku akaunti hiyo itakapoondolewa, majina hayo yataondoka nayo. Tena msidhani ya kwamba seva ni sanduku la akiba. Ukifuta jina katika simu, na huko seva linafutika; wakilifuta huko, na katika simu yako halipo tena.

Sasa tunafika penye jambo lenyewe. Majina yaliyomo katika simu ya mwakilishi wa wafanya kazi si ya jamaa tu. Mna wanachama. Mna watu waliokubali kujiunga lakini bado wanaogopa kujulikana. Katika kalenda yake imeandikwa, "Jumamosi saa nane, mkutano wa chama." Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema tajiri analazimika kukitambua chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kujiunga. Kabla ya kufika nusu hiyo, orodha ya majina ndiyo chama chenyewe. Mwenye kuishika orodha anajua nani wa kuhamishwa, nani wa kutishwa, na nani wa kunyimwa mkataba mpya. Sheria inakataza kumwonea mtu kwa ajili ya chama, lakini ni vigumu kuthibitisha kwamba ulihamishwa kwa sababu ya jina lililosomwa gizani.

Hatusemi kwamba matajiri wote wanachungulia. Twasema kwamba wanaweza, maana mwenye seva ndiye mwenye ufunguo. Mwenye busara haweki barua zake katika meza ya bwana akitumaini kwamba bwana hana muda wa kusoma.

Wazee wetu katika nchi hii walilijua jambo hili kabla kompyuta haijazaliwa. Sheria ya kipande iliandikwa 1915 na ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya kwanza. Mwanamume Mwafrika alichukua shingoni kikopo cha chuma chenye karatasi ndani yake, na katika karatasi hiyo tajiri aliandika mshahara wake na siku alizofanya kazi. Mchukuzi alikuwa mfanya kazi, mwandishi alikuwa tajiri. Mmoja wa watu waliosimama kuipinga katika mji huu wa Nairobi alikuwa Harry Thuku, naye kazi yake ilikuwa ya simu, katika ofisi ya Hazina. Alifukuzwa kazi, na mwezi wa Machi 1922 akakamatwa. Watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kumdai wakapigwa risasi. Hatusemi simu ni kipande. Simu tunaipenda, tena twainunua wenyewe. Lakini ndiyo sababu zaidi ya kuangalia nani anaandika ndani yake na nani anasoma.

Leo tuna sheria ambazo wazee wale hawakuwa nazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mwenye kukusanya habari za mtu amwambie anakusanya nini na kwa nini, na asichukue zaidi ya kinachohitajiwa. Mtu ana haki ya kuona habari zake, kuomba zisahihishwe, na kukataa. Akikubali, anaweza kuondoa kibali chake baadaye, na tajiri ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba kibali kilitolewa. Yupo Kamishna wa Data, wa kwanza akiwa ameapishwa Novemba 2020, na faini anayoweza kutoza yafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, yoyote iliyo ndogo. Na fikirini: shemeji wa Butere hakumwandikia tajiri yeyote kibali. Namba yake imefikaje huko?

Jambo la pili ni saa. Kalenda iliyounganishwa hailali. Msimamizi akibadilisha zamu saa nne za usiku, simu yako inalia kando ya kitanda, na asubuhi ataambiwa ya kwamba "ulijulishwa". Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na mapumziko yenye simu inayolia si mapumziko. Huko Ufaransa, tangu Januari 1, 2017, makampuni makubwa yanatakiwa kupatana na wafanya kazi juu ya haki ya kuzima vyombo vya kazi baada ya saa za kazi. Hapa kwetu Seneta Samson Cherargei alileta mswada wa namna hiyo 2022. Mswada si sheria, lakini chama hakina haja ya kungoja Bunge. Twaweza kulitia neno hili katika mapatano yetu na tajiri.

Tena saa zenyewe zinakosea. Wenzetu wa maofisi ya Westlands wenye mabwana London wanajua: mkutano wa saa tatu asubuhi ya London huja kwetu saa sita mchana wakati wa baridi yao, na saa tano wakati wa joto lao, kwa kuwa wao hugeuza saa na sisi hatugeuzi. Seva iliyowekwa saa ya London itakuleta kazini umechelewa au umewahi bure. Na karani akiambiwa kwa mdomo, "Njoo saa kumi na moja alfajiri," akaandika 11 badala ya 5, kosa litakuwa la nani? Kwa hiyo karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani isiondolewe. Ikiwa simu na ukuta havipatani, ukuta ndio uwe shahidi.

Twaomba wawakilishi wetu wapeleke mambo haya matano mezani:

1. Tajiri anayetaka simu iunganishwe atoe simu ya kazi, au alipe sehemu ya gharama na bando.

2. Simu ya mfanya kazi ikitumika, itumike njia ile inayogawa simu vyumba viwili, ili mtu akiondoka kifutwe chumba cha kazi peke yake. Njia hiyo ipo; mafundi wanaijua.

3. Kabla ya kufunga akaunti, mfanya kazi apewe siku za kutosha kutoa nakala ya vilivyo vyake.

4. Badiliko la zamu lililotumwa baada ya saa za kazi lisihesabiwe kuwa taarifa mpaka mhusika ajibu.

5. Orodha za chama na mikutano ya chama visiguswe na seva ya tajiri kwa namna yoyote.

Hili la tano lataka kazi yetu wenyewe kwanza. Leo jioni, kila mwakilishi afungue simu yake, atazame majina mapya yanawekwa mahali gani, na kama ni katika akaunti ya kazi, abadilishe. Atoe nakala ya majina yote katika faili moja, ailinde vizuri mahali pasipo na mkono wa ofisi. Mkutano wa chama usiandikwe katika kalenda ya kazi, hata kwa mafumbo. Asiyejua kufanya hivyo asione haya. Amwulize kijana wake nyumbani, au aje tawini. Na zile namba kumi ambazo bila hizo huwezi kuishi, ziandike kwa kalamu katika daftari la shilingi chache. Daftari hilo halina neno la siri, lakini hakuna mtu awezaye kulifuta akiwa amekaa Westlands.

Ndugu yetu wa Kangemi amepata kazi nyingine. Siku ya kwanza alipoulizwa simu yake, aliuliza naye: "Mtaunganisha kwa njia ipi?" Walimweleza, akasoma, kisha akakubali chumba cha kazi peke yake. Hakufukuzwa. Alikuwa mtu mmoja, naye alisikilizwa. Tukiuliza sote pamoja tutasikilizwa zaidi.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa reli, Nairobi.