Mama Kasema Mtoto Kabemendwa, Mwanafunzi wa Udaktari Anaandika Nini?

Ndugu msomaji, leo tuache siasa kidogo. Nataka tuzungumzie namna tunavyowafundisha vijana wetu kutibu watoto. Sizungumzii mabingwa. Nazungumzia wale wanaosoma shahada ya kwanza ya udaktari, miaka mitano chuoni na mmoja wa mafunzo ya vitendo hospitalini, kisha anapangiwa wilaya na huko anakuwa daktari wa kila kitu. Mwanao akizidiwa saa nane usiku, atakayeamshwa si bingwa wa watoto. Ni huyu kijana.

Swali langu ni dogo. Mama wa Gerezani, anayeuza chai na chapati kwa mafundi magari, anafika hospitali na mtoto wa mwaka na nusu. Mtoto kakonda, nywele zimekuwa nyepesi, miguu imevimba. Anaulizwa tatizo ni nini. Anainamisha macho, anasema: "Mwanangu kabemendwa." Mwanafunzi aliyesimama pembeni ya kitanda na faili mkononi anaandika nini?

Faili ni la Kiingereza. Somo kalisoma kwa Kiingereza, kitabu ni cha Kiingereza, na kesho asubuhi mwalimu atakapopita wodini atamtaka aeleze habari za mgonjwa kwa Kiingereza. Basi ataandika kwamba mtoto kapungua uzito na kavimba miguu. Hajasema uongo. Lakini ameacha nusu ya habari mdomoni mwa mama.

Kwa sisi tuliokulia uswahilini, neno kubemenda si jina la ugonjwa tu. Ni shutuma. Linasema wazazi walirudiana mapema wakati mtoto bado ananyonya, au mmoja wao alitoka nje ya ndoa, na mtoto ndiye anayelipa. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo anaogopa majirani, anaogopa mawifi, na mara nyingi anaogopa hata kliniki ya kupima uzito kwa sababu pale mtoto anavuliwa nguo mbele za watu. Kwa hiyo amechelewa, na kuchelewa kwake kuna sababu. Daktari asiyeijua ataishia kumgombeza: "Ulikuwa wapi siku zote?" Mama atanyamaza. Akirudi nyumbani ratiba ya chakula cha lishe haifuatwi, maana hakuna aliyemwambia kwamba tatizo ni chakula na maradhi, si dhambi.

Hapo utapimwa mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kipimo kitakuwa sahihi kabisa. Utepe hauwezi kukwambia kwa nini kaletwa leo badala ya mwezi uliopita.

Tiba ya watoto, wadau, haifanani na ya watu wazima. Dozi inakwenda kwa uzito, mapigo ya moyo ni mengine, pumzi ni nyingine. Hayo yamo vitabuni na vijana wanayakariri vizuri. Tofauti kubwa ni kwamba mgonjwa hasemi. Anayesema ni mama, au bibi, au dada wa kazi aliyetumwa. Kwa mtoto mchanga karibu historia yote ya ugonjwa inapita kwenye mdomo wa mtu mwingine, na mdomo huo unasema Kiswahili cha mtaani. Anayefundisha tiba ya watoto bila kufundisha kusikiliza Kiswahili hicho kamfundisha kijana kuendesha gari lisilo na kioo cha mbele.

Tuchukue mifano mingine.

Kuharisha. Mwanafunzi anauliza, "Mtoto anaharisha?" Mama anajibu, "Hapana, anaota meno tu." Kwa mama huyu choo cha maji cha kuota meno si kuharisha, ni ukuaji. Kijana anaweka alama ya hapana, anaendelea na swali linalofuata. Mtoto kaishiwa maji, macho yameingia ndani, na kwenye karatasi haharishi. Angeuliza, "Tangu jana asubuhi amepata choo mara ngapi, na kikoje?" angepata jibu jingine, na chumvichumvi na madini ya zinki vingeanza saa hiyo hiyo.

Degedege. Kwenye dalili nne za hatari ambazo kila mwanafunzi hufundishwa, yaani mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupata degedege, na kulegea au kupoteza fahamu, hii ni mojawapo. Lakini watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta watu wengi wanaiona degedege kama jambo la shetani au ndege mbaya, lisilohusiana na malaria, linaloanza kwa mganga. Wengine waliamini mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Sasa fikiria daktari kijana anayeshika sindano mbele ya bibi mwenye imani hiyo, na hajui kwa nini bibi anamnyang'anya mtoto.

Kimeo. Mtoto anakohoa wiki ya tatu, jirani anasema kimeo kimerefuka, anapelekwa kwa mkata vimeo. Anarudi na kidonda kooni, wakati mwingine na damu isiyokatika, na kikohozi kipo pale pale kwa sababu kilikuwa pumu au kifua kikuu. Vivyo hivyo "meno ya plastiki", jambo linalozungumzwa nchini tangu miaka ya 1980, ambapo fizi za mtoto mchanga mwenye homa huchimbwa kwa kitu kisicho safi. Mama hatakwambia hayo kwa hiari, maana anajua utamfokea. Lazima uulize kwa neno lenyewe, na kwa sauti isiyo na hukumu.

Najua kuna atakayesema, "Hawa wanafunzi ni Watanzania, Kiswahili wanakijua, kuna haja gani ya kufundishwa?" Hoja hii inaonekana nzito mpaka uikaribie. Kijana aliyelelewa Masaki na kusoma shule za Kiingereza tangu chekechea huenda hajawahi kulisikia neno kubemenda. Yule wa Mwanza au Mbeya ana maneno yake ya nyumbani. Na hata aliyezaliwa Mtaa wa Sikukuu, baada ya miaka mitano ya kufikiri ugonjwa kwa Kiingereza, anajikuta hawezi kumweleza mama yake mzazi kinachomsumbua mjukuu. Kuijua lugha na kutibu kwa lugha hiyo ni mambo mawili.

Wengine watasema sayansi ni ya dunia, tusiifungie kwenye Kiswahili. Sijasema tuifungie. Vitabu vibaki, na majarida yasomwe. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza Mtanzania kuwa daktari na bingwa wa watoto anayeheshimika hadi leo, alisomea udaktari Moscow. Wagonjwa wake wa hapa nyumbani hawakulazimika kujifunza Kirusi. Lugha ya kitabu ni moja na lugha ya kitandani ni nyingine, na daktari mzuri ni yule anayevuka kati ya hizo mbili bila kuangusha mzigo njiani. Kuvuka huko ni ufundi, na ufundi hufundishwa.

Tena si wazo la kigeni kwa wataalamu. Mwongozo wa IMCI, ule wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kuangalia mtoto mgonjwa kwa ujumla wake, ulitaka tangu mwanzo kila nchi itafute maneno ambayo akina mama wa pale wanayatumia. Unamtaka mhudumu amuulize mama, amsifu kwa alichofanya vizuri, amshauri, kisha ahakikishe kaelewa. Ulipojaribiwa Rufiji na Morogoro Vijijini, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto vilikuwa pungufu kwa 13% kuliko wilaya za jirani zilizolinganishwa nazo. Ufundishaji mzuri huokoa roho, na hilo lilipimwa hapa hapa kwetu.

Mfano mwingine ni wa watoto wanaozaliwa bila kulia. Wahudumu wa hospitali nane za Tanzania walifundishwa kwa vitendo, kwa mwanasesere, jinsi ya kumkausha mtoto, kumchochea na kumpulizia hewa ndani ya dakika ya kwanza. Ripoti ya mwaka 2013 ilisema vifo vya siku ya kwanza ya maisha vilipungua kwa 47%. Kinachofanyiwa mazoezi ndicho kinachofanyika.

Na bado kazi ipo. Mwaka 2004-05 takwimu za taifa zilionyesha watoto 112 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai walikuwa wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Hongera kwa chandarua, chanjo, dawa mseto na wauguzi wetu. Lakini kati ya hao 43, 24 walikufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja. Hawa wachanga ndio wasiosema kabisa. Hata kilio chao kinaweza kukosekana. Dalili pekee inaweza kuwa mama kusema, "Leo hanyonyi kama jana." Asiyejua kuisikia sentensi hiyo amepitwa na ugonjwa wote.

Sasa turudi Gerezani. Wazee wanaikumbuka Hospitali ya Sewa Haji, iliyokuwa huku huku kwetu tangu enzi za Mjerumani, kabla hospitali kubwa haijahamia Upanga mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili. Mafunzo ya udaktari yalipoanza Dar es Salaam mwaka 1963, yakajengwa kule. Ni sawa, wagonjwa mahututi wako kule. Ila mtoto anayefika Muhimbili ameshapita vituo vingi: kwa jirani, duka la dawa la Msimbazi, pengine kwa mkata vimeo, kisha Mnazi Mmoja au Amana. Mwanafunzi anayekaa wodini tu anaona mwisho wa safari. Huko mwanzo ambako ingetosha pakiti moja ya chumvichumvi, hayupo.

Siyo kwamba vyuo vimelala. Muhimbili walihamia mitaala ya kupima umahiri mwaka 2011, na kuwasiliana na mgonjwa ni sehemu ya umahiri huo. Vyuo vyenyewe vimeongezeka, Kairuki, KCMC, Bugando na vingine, ambapo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulitegemea kimoja. Lakini mwanafunzi yeyote duniani husoma kile kinachotoka kwenye mtihani. Kwa hiyo mapendekezo yangu yanaanzia hapo.

Kwanza, mtihani wa vitendo wa tiba ya watoto uwe na kituo cha Kiswahili chenye alama nzito. Mwanafunzi achukue historia kwa mama, amweleze ugonjwa na dawa, kisha mama arudie kwa maneno yake mwenyewe. Mama akikosea dozi, aliyeanguka ni mwanafunzi.

Pili, kwenye kila faili anachosema mama kiandikwe kwanza kama kilivyo. "Kabemendwa." "Kifua kinabana, mbavu zinaingia ndani." "Mwili unachemka usiku." Tafsiri ya kitaalamu ifuate chini yake. Kamusi ya Tiba ya TUKI tunayo tangu 2003, lakini maneno ya uswahilini yanahitaji daftari lake, na wanafunzi wenyewe wanaweza kulijaza mwaka hadi mwaka.

Tatu, kila mwanafunzi akae siku kadhaa kliniki ya mama na mtoto, na walau siku moja duka la dawa. Apime uzito, asome kadi, ahesabu pumzi za mtoto aliyetulia mapajani kwa mama kwa dakika nzima, siyo sekunde 15 mara nne. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, 50 au zaidi ni hatari. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano ni 40. Aone pia mama anavyonunua nusu dozi kwa sababu hela iliyobaki ni ya unga.

Gharama? Haihitaji mashine wala mfadhili. Inahitaji muda wa walimu, na najua ni wachache, na wodi zimejaa wanafunzi. Lakini muuguzi wa kliniki mwenye miaka 20 kazini ni mwalimu tosha wa somo hili, kama chuo kitakubali kumwita mwalimu na kumlipa kama mwalimu. Nadhani hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo.

Daktari wa watoto ana wagonjwa wawili kila siku, mmoja analia na mwingine anaeleza. Tumejitahidi sana kumfundisha kumgusa yule wa kwanza. Tumfundishe na kumsikia wa pili.

Mnasemaje wadau? Hasa ninyi madaktari na wanafunzi mnaopita hapa kimya kimya: neno gani la mama liliwahi kukupiga chenga?