Kundi Dogo Lina Haki ya Mchungaji

Wako wasemao: “Shirika la watu kumi lampotezea padri wakati wake. Heri abaki parokiani, kanisa linapojaa.” Maneno hayo tunayakataa.

Bwana wetu aliahidi kuwapo hata wanapokusanyika wawili au watatu kwa jina lake. Ni nani basi aliyeturuhusu sisi kudai mia? Tena Maaskofu wa Kongo, walipokutana mwaka 1961, walizichagua jumuiya ndogo zilizo hai ziwe njia ya Kanisa nchini. Ndizo tunazoziita mashirika hapa Bukavu. Kanisani padri huona nyuso. Katika shirika hujua nani mgonjwa, nani amelala njaa, nani hasemi na jirani yake.

Mpitapo Nyawera, kumbukeni. Hapo, tarehe 29 Oktoba 1996, aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Vita vilikuwa vimeingia mjini, watu wengi walikwisha kukimbia. Je, alilihesabu kwanza kundi lililosalia, apate kujua kama lastahili mchungaji? La! Alibaki na waliobaki.

Basi twauliza: padri asiyeweza kuketi na watu kumi siku ya amani, atabakije nao siku ya hatari?

Nasi walei tuna deni. Tusiseme, “Tuko wachache, hakuna haja kwenda.” Anayekaa nyumbani kwa sababu shirika ni dogo, ndiye anayelipunguza.