Mchumi Arudi Mzenga na Daftari
Gunia la mkaa linalotoka Mzenga, wilayani Kisarawe, lina uchumi mzima ndani yake: kuna aliyekata mti, aliyekesha akilinda tanuri lisiwake moto, mwenye pikipiki, dalali, ushuru, lumbesa, na mama wa Gongo la Mboto anayeupima kwa kopo. Kijana wa huku akipata nafasi ya kusoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Malimbe, Mwanza, chuo binafsi kikubwa kilichoanzishwa mwaka 1998 kutokana na taasisi ya zamani ya Nyegezi, ubaoni atachorewa mstari wa mahitaji ukishuka na wa ugavi ukipanda. Ajifunze, tena hesabu na takwimu asizikimbie. Ada nayo si mchezo: Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha hata wa vyuo binafsi, lakini si kila mhitaji anapata, na pengo hujazwa na korosho za mzazi. Kwa gharama hiyo, inaniuma mhitimu akiweza kueleza mfumuko wa bei wa Marekani huku hajui mchoma mkaa wa kwao anabaki na shilingi ngapi, wala Msitu wa Ruvu Kusini unapoteza nini kwa kila gunia. Wahadhiri, mruhusuni kijana huyu, angali mwanafunzi, utafiti wake wa mwisho aufanyie kijijini. Nayo halmashauri impokee kwa mafunzo ya vitendo, imfungulie vitabu vya ushuru avisome.