Wanaosema "mtaa ule huzaa wezi"

Kijana akipigwa risasi na polisi Mathare au Dandora, mitaa ya Nairobi, maelezo huwa tayari kabla hata maiti haijafika mochari: mtaa ule huzaa wezi, mtoto aliyekulia kwenye milio ya bunduki lazima awe jambazi, afadhali amepungua mmoja. Husemwa ndani ya matatu na watu wazima wenye heshima zao. Kauli hii inaniudhi hasa kwa sababu imebeba nusu ya ukweli.

Nusu hiyo ni hii. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti uliowafuatilia vijana zaidi ya 1,500 wa Chicago. Watafiti hawakumlinganisha mtoto wa kitongoji duni na mtoto wa tajiri. Aliyekumbana na ukatili wa bunduki walimlinganisha na mwenzake wa hali ile ile: familia, kipato, hata tabia ya awali. Aliyekumbana nao alikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kufanya ukatili mkubwa katika miaka miwili iliyofuata.

Basi kama malezi na umaskini vimekwishawekwa kando, kinachobaki kulaumiwa ni bunduki yenyewe. Na Mathare bunduki si ya majambazi peke yao. Mwaka 2017 kituo cha haki za kijamii cha mtaa huo, MSJC, kilitoa ripoti kuhusu vijana waliouawa na polisi bila kufikishwa mahakamani. Anayeshangilia mtaa "kusafishwa" kwa namna hiyo anawaongezea watoto kile kile anachodai kimewaharibu.

Tena, mara mbili si wote. Hata nje ya bunduki ni hivyo: mtafiti Cathy Spatz Widom alipofuatilia rekodi za watoto wa Marekani walioteswa au kutelekezwa, alikuta mwaka 1989 kwamba asilimia 11 hivi walikuwa wamekamatwa kwa makosa ya ukatili, dhidi ya 8 ya wenzao wasiotendewa hivyo. Tofauti ipo. Lakini hao wengine wote, karibu tisa kati ya kila kumi, mbona hawatajwi ndani ya matatu?

Hata aliyekwisha kupotoka si wa kuzikwa. Mjini Monrovia, baada ya vita vya Liberia, mtafiti Christopher Blattman na wenzake walifanya jaribio na wanaume 999: wezi, wauza dawa za kulevya, wengine waliowahi kushika bunduki vitani. Baadhi walipewa ushauri nasaha wa wiki nane wa kujizuia hasira na kufikiri kabla ya kutenda, pamoja na dola 200. Miaka 10 baadaye, waliopata vyote viwili bado walikuwa na uhalifu na ukatili pungufu kwa karibu nusu kuliko wasiopata chochote.

Hao walikuwa wahalifu wazima, si watoto waliosimama mlangoni wakaona jirani akianguka; kama wao walibadilika, hawa watashindwaje? Mwanasiasa anayepanda jukwaani kuwahimiza polisi wapige risasi za kuua atuonyeshe hesabu yake.