Chama alipohamia Yanga, watoto walijifunza nini?

Julai 1, 2024 Yanga ilimtangaza Clatous Chama kuwa mchezaji wake. Mkataba wake na Simba ulikuwa umemalizika, hivyo alikwenda akiwa mchezaji huru, bila klabu moja kuilipa nyingine ada ya uhamisho. Katika nyumba nyingi habari hiyo iliingia kupitia simu ya baba au ya kaka mkubwa, kisha zikafuata kelele sebuleni. Upande mmoja ulishangilia. Upande wa pili ulikuwa na neno moja tu: msaliti.

Watoto walikuwepo, wakisikiliza. Mtoto wa miaka minane mwenye jezi nyekundu iliyoandikwa Chama mgongoni hubaki na maswali mawili. La kwanza ni kama aendelee kuivaa. La pili ni zito zaidi: mtu niliyempenda ni mtu mbaya?

Wazazi wengi hulipita swali hilo kwa utani. “Ndiyo mpira, mwanangu.” Lakini ndani yake kuna mambo ambayo mtoto atakutana nayo maisha yake yote: ahadi, fedha, kazi na shukrani. Msimu wa usajili huja kila mwaka, na kila unapokuja mtoto hupata somo kutoka kwa watu wazima wa nyumbani kwake, wawe wamekusudia kumfundisha au la.

Ahadi yenye mwisho

Jambo la kwanza la kumweleza mtoto ni mkataba. Ni ahadi ya pande mbili yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mchezaji anaahidi kufanya mazoezi, kucheza na kutii taratibu za klabu. Klabu inaahidi kumlipa na kumtunza. Tarehe ya mwisho ikifika na kila upande umetimiza wajibu wake, hakuna anayemdai mwenzake. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kuzungumza na klabu nyingine mkataba wake unapobakiza miezi sita, ili asijikute hana kazi siku ya mwisho.

Haki hiyo haikuwepo siku zote. Mwaka 1990 mkataba wa Mbelgiji Jean-Marc Bosman na klabu ya RFC Liège ulimalizika. Klabu ilimpa mkataba mpya wenye mshahara wa faranga 30,000 kwa mwezi, wakati alikuwa akilipwa 120,000. Alikataa. Klabu ya Dunkerque ya Ufaransa ilimtaka, lakini uhamisho ulikwama kwa sababu ya ada, ingawa mkataba wa zamani ulikuwa umekwisha. Bosman alikwenda mahakamani. Desemba 15, 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mchezaji wa nchi ya Umoja wa Ulaya aliyemaliza mkataba anaweza kuhamia klabu ya nchi nyingine ya umoja huo bila ada. Wakati huo alikuwa na miaka 31, na miaka yake mizuri uwanjani ilikuwa imekwenda na kesi.

Mtoto akiifahamu habari hiyo ataelewa kuwa mchezaji huru si mtoro. Ni mfanyakazi aliyemaliza kazi aliyoahidi.

Klabu nazo huacha

Jambo la pili ni kwamba uaminifu unaodaiwa kwa mchezaji mara nyingi haudaiwi kwa klabu. Kila mwisho wa msimu klabu zetu huwapa wachezaji “thank you” kwenye mitandao ya kijamii, picha moja na maneno mawili, na mtu aliyejituma miaka mitatu anafunga mabegi. Mashabiki huandika “kila la heri” na kuuliza nani anakuja badala yake. Hakuna anayeiita klabu msaliti.

Chama mwenyewe ni mfano. Alijiunga na Simba mwaka 2018, na mwaka 2021 klabu ikamuuza RS Berkane ya Morocco, kabla hajarejea Januari 2022. Klabu ilipomuuza, ilionekana ni biashara nzuri. Yeye alipoamua mwenyewe pa kwenda, ikawa dhambi.

Hata mwenye kutaka kubaki anaweza kukosa nafasi hiyo. Lionel Messi aliingia Barcelona akiwa na miaka 13. Mkataba wake ulipoisha Juni 30, 2021 alikubali kupunguza mshahara kwa nusu ili abaki, lakini klabu ilishindwa kumsajili chini ya kanuni za fedha za ligi ya Hispania. Agosti 8 alilia mbele ya waandishi wa habari, na siku mbili baadaye alikuwa mchezaji wa PSG. Mapenzi yake kwa klabu hayakutosha kulipia deni la klabu.

Kubaki nako ni uamuzi

Haya hayana maana kwamba fedha ndiyo kila kitu. Wapo waliobaki, na mtoto anastahili kuwajua pia.

Francesco Totti alipokuwa bado mvulana wa shule mjini Roma, watu wa AC Milan walifika nyumbani kwao kumtaka. Mama yake, Fiorella, alikataa. Hakutaka mwanawe aende mbali na nyumbani akiwa mdogo hivyo, hata kama aliyebisha hodi alikuwa miongoni mwa klabu kubwa kuliko zote Italia. Totti aliingia timu ya vijana ya AS Roma, akaanza kucheza timu kubwa Machi 1993 akiwa na miaka 16, akaaga Mei 28, 2017 baada ya mechi 786 na mabao 307. Kwa muda wote huo alipata ubingwa wa ligi mara moja tu, mwaka 2001. Kwingineko pengine angejaza kabati la medali.

Totti hakubaki kwa njaa. Roma ilimlipa vizuri, ikampa unahodha na heshima ya mji mzima. Alipima anachokipata na anachokikosa, akaridhika. Uaminifu wake ulikuwa na thamani kwa sababu alikuwa na mlango wa kutokea na hakuutumia. Anayebaki kwa kuwa hana pa kwenda, au kwa kuwa anaogopa kutukanwa, hajachagua kitu.

Ahadi ikivunjwa katikati

Kinachohitaji mjadala zaidi nyumbani ni kuondoka kabla ya tarehe. Desemba 2022 Feisal Salum alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga uliokuwa bado unaendelea. Shauri lilifika TFF, ambako iliamuliwa kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Kiungo huyo alikaa nje ya uwanja kwa miezi, na mama yake naye akazungumza hadharani kumtetea mwanawe. Suala likafika hadi kwa Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye Juni 2023 aliutaka uongozi wa Yanga ulimalize. Siku chache baadaye Feisal alikwenda Azam FC.

Kila shabiki ana mtu wa kumlaumu katika kisa hicho. Mzazi anaweza kukitumia kwa namna nyingine: kumwonyesha mtoto kwamba sahihi ina uzito. Mtu akihisi ameonewa ana haki ya kudai, na njia ya kudai ipo, lakini anayetia saini bila kuelewa alichosaini hulipia baadaye kwa muda, na muda wa mwanasoka ni mfupi. Akifika miaka 35, simu za viongozi wa klabu huwa zimeanza kunyamaza.

Mchezaji akiwa wa nyumbani

Yote haya ni mazungumzo mepesi hadi siku mchezaji anapokuwa kijana wa nyumba hiyo hiyo. Hapo baba aliyekuwa akiwaita wengine wasaliti anaweza kuwa wa kwanza kuuliza, “Wanatoa shilingi ngapi?” Wapo pia wanaomzuia kijana asiende timu fulani kwa sababu tu ukoo mzima ni wa timu pinzani. Pande zote mbili zinamsahau mwenye miguu.

Kijana wa miaka 19 akipelekwa klabu kubwa kwa dau nono kisha akasugua benchi misimu miwili, familia inaweza kupata nyumba naye akapoteza kipaji. Akibakizwa kwenye timu ndogo isiyolipa mishahara kwa sababu “ndiyo iliyomtoa”, anaweza kupoteza vyote viwili. Maswali ya kuuliza ni ya kawaida. Atacheza? Mishahara inalipwa kwa wakati? Akiumia, nani anagharamia matibabu? Ada inayotajwa ni yake au ya watu wanaomzunguka? Na fedha hizo ni za kumjenga yeye, au za kumaliza madeni ambayo si yeye aliyeyakopa?

Yapo na mambo ya kisheria ambayo mzazi anapaswa kuyajua. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa chini ya miaka 18 hatakiwi kusaini mkataba unaozidi miaka mitatu. Wakala anayemtaka mtoto anatakiwa kupata kwanza ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Anayekuja na karatasi usiku akihimiza isainiwe kabla ya asubuhi aambiwe arudi mchana, karatasi ikiwa imeshasomwa na mwanasheria.

Lipo pia deni la shukrani. Mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Akiondoka bure, fungu hilo halipo, kwa kuwa hakuna ada ya kugawanya. Hana kosa, lakini timu ya mtaani iliyompa viatu vya kwanza inabaki mikono mitupu. Hapo ndipo familia inaweza kufundisha uaminifu usioandikwa popote: kurudi kusalimia, kupeleka mipira, kumkumbuka kocha aliyekuwa akimlipia nauli.

Mtoto huona mengine nyumbani bila kuelezwa. Mama mwalimu akipata shule inayolipa vizuri zaidi, huhama, na hakuna jirani anayemzomea. Watoto wanachokiangalia ni namna alivyoondoka: kama alitoa taarifa ya siku 28 ambayo sheria ya kazi inamtaka kuitoa anayelipwa kwa mwezi, kama alimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na kama leo anaweza kupita kwenye geti la shule ile akasalimiwa kwa furaha. Mzazi anayeondoka hivyo kazini hatakuwa na haja ya hotuba ndefu siku mwanawe atakapouliza nani ni msaliti.