Pemba: Bei ya nyumba haijazi kikapu cha sokoni

KATIKA nchi zenye soko kubwa la nyumba, bei ya nyumba inapopanda mwenye nayo hujiona tajiri na huongeza matumizi. Ndivyo ilivyokuwa Marekani hadi kufikia mwaka 2006, familia zilipokopa kwa dhamana ya nyumba ili kununua magari na samani. Bei zilipoporomoka, matumizi nayo yalianguka, na mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008 ukaenea duniani.

Kisiwani Pemba hesabu ni tofauti. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 543,441, kutoka 406,848 mwaka 2012. Ongezeko hilo linasukuma mahitaji ya viwanja na vyumba vya kupanga katika miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani. Hata hivyo, thamani ya nyumba si rahisi kugeuka fedha ya matumizi.

Sababu kubwa ni mbili. Kwanza, ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1992 humpa mwananchi haki ya matumizi, na asiye na hati hana dhamana ya kuipelekea benki. Pili, nyumba ikishaingia katika mirathi haiuzwi kwa urahisi mpaka warithi waridhiane.

Kinachoamua matumizi zaidi ni karafuu. Mwaka 2011 bei anayolipwa mkulima ilipandishwa hadi shilingi 15,000 kwa kilo. Mikarafuu ikizaa vyema, fedha huonekana madukani, kwenye saruji na mabati. Isipozaa, ujenzi husimama kwenye msingi.

Wanaoumia bei zinapopanda ni wapangaji na vijana. Kodi ikidaiwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa, kinachopungua ni samaki, mchele na ada za shule. Anayepangisha hufaidika, anayeishi katika nyumba yake hapati cha ziada, ilhali mwanawe anayetafuta kiwanja hulipa zaidi.

Mikopo ya nyumba yaweza kubadili hali hiyo, lakini ina hatari yake. Benki hudai marejesho kila mwezi, na karafuu haizai kila mwezi. Pasipo hati za uhakika na marejesho yanayofuata msimu, mkopo unaotarajiwa kuijenga familia unaweza kuifikisha nyumba ya urithi mnadani.